Kifaa Kinaponyamaza: Utatuzi wa Matatizo ya Vifaa vya Kulinda Wazimamoto na Waokoaji

Tangu Katiba ya Kenya ya 2010 ilipozikabidhi serikali za kaunti kazi ya kuzima moto na kukabiliana na majanga, kila kaunti imekuwa ikijinunulia vifaa vyake au kuvipokea kwa msaada. Ndiyo maana rafu moja ya kituo, iwe Nakuru, Kisumu, Kericho au Kakamega, inaweza kubeba mitungi ya hewa ya watengenezaji watatu, redio za aina mbili zisizosikilizana, na kamera ya joto ambayo kitabu chake cha maelekezo hakijulikani kilipo. Mwongozo huu ni wa wale wanaovitunza vifaa hivyo na wale wanaovivaa. Nimeupanga kwa dalili, kwa kuwa mtu aliye kazini huanza na kile anachokiona au kukisikia, na jina la sehemu iliyoharibika hulijua baadaye, pengine asilijue kabisa.

Kuna mambo mawili ya kutangulia. La kwanza ni kwamba uchunguzi wowote ulioelezwa hapa hufanyika nje ya jengo. Kifaa kikionyesha hitilafu ndani ya moshi, mwenye kifaa na mwenzake hutoka pamoja, hata kama wanaamini kwamba ni betri tu. La pili ni kwamba hitilafu za vifaa hivi ni za aina mbili. Kuna kifaa kinachopiga kelele pasipo sababu, na kuna kifaa kinachonyamaza sababu ikiwapo. Cha kwanza humuudhi kila mtu, na kwa kuwa kinaudhi hupelekwa karakana siku hiyohiyo. Cha pili hukaa rafuni miezi mingi kikionekana kizima, na ndicho nitakachokirudia mara kwa mara katika maelezo haya, kwa maana ndicho kinachoua.

Hewa ya mtungi inakwisha kabla ya wakati uliotarajiwa

Anza na hesabu, kwa sababu mara nyingi mtungi hauna kosa na matarajio ndiyo yenye kosa. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa hadi bar 300 (bar ni kipimo cha presha) hudhaniwa kubeba lita 2,040 za hewa, kwa kuzidisha tu. Hewa iliyobanwa kiasi hicho haifuati kuzidisha huko sawasawa, kwa hiyo ondoa takriban sehemu moja ya kumi, ubaki na lita kama 1,850. Katika mafunzo mengi hukadiriwa kwamba mtu anatumia lita 40 kwa dakika, na kwa kipimo hicho mtungi ungedumu dakika 46. Lakini anayepanda ngazi akiburuta mpira uliojaa maji anaweza kuvuta lita 100 kwa dakika, na mtungi uleule ukamwishia kwa dakika 18. Filimbi ya tahadhari, ambayo kwa vifaa vya kiwango cha Ulaya hulia presha ikikaribia bar 55, humkuta akiwa na lita zisizofika 375. Hizo ni dakika tisa na kidogo kwa anayetembea kwa utulivu, na ni chini ya dakika nne kwa anayehangaika. Kwa hiyo filimbi isichukuliwe kuwa ishara ya kuanza safari ya kutoka. Inapolia, mtu anapaswa kuwa amekwisha kufika mlangoni.

Kama hesabu ni sawa na hewa bado inapungua, tazama namna mtungi unavyojazwa. Kituo kimoja kiliwahi kuniletea mitungi minne kikieleza kwamba inavuja usiku, kwani jioni geji husoma bar 300 na asubuhi husoma karibu bar 268. Tulipaka povu la sabuni shingoni mwa kila mtungi na kuzunguka vali, tukasubiri kwa muda mrefu, na hakuna kiputo hata kimoja kilichotokea. Nikaomba wajaze mtungi mmoja mbele yangu. Kompresa ilisukuma hewa kwa kasi kubwa, na geji ilipofika 300 niliweka kiganja changu juu ya chuma nikashindwa kukiacha hapo kwa muda wa kuhesabu hadi tano. Sababu ilikuwa ndani ya joto hilo. Hewa inapobanwa haraka hupata moto, na presha inayosomwa wakati huo ni presha ya hewa ya moto. Mtungi uliofika nyuzijoto 55 ukilala katika chumba cha nyuzi 20 hupoteza karibu bar 32 bila hewa yoyote kutoka. Tiba yake ni kujaza polepole, kuuacha mtungi upoe kabisa, kisha kuujazia hadi ufike kiwango chake. Geji isomwe asubuhi, zamu inapopokea vifaa, na isiwe wakati mtungi unatoka kwenye kompresa.

Hatua inayofuata ndiyo ya kutafuta uvujaji wenyewe. Fungua vali ya mtungi mpaka mwisho, acha mipira ijae, soma geji, kisha funga vali na utazame saa kwa dakika moja. Presha ikishuka zaidi ya bar 10 katika dakika hiyo, kuna mahali panapovuja, na mara nyingi ni kile kiringi cha mpira kilicho kwenye kiungo cha mtungi, ambacho hukauka na kupasuka nyufa ndogo zinazoonekana tu ukikikunja kati ya vidole. Kipimo hikihiki hukupa nafasi ya kupima filimbi: iachie hewa iliyobaki kidogo kidogo huku ukitazama geji, na uandike ni presha gani filimbi ilianza kulia. Filimbi iliyoziba kwa vumbi au kutu haina dalili nyingine yoyote. Kimya chake ndicho dalili, na hujulikana kwa kupimwa tu.

Kifaa kikifaulu jaribio hilo na bado hewa ya mtu mmoja inakwisha mapema kuliko ya wenzake, chunguza mahali barakoa inapokutana na uso. Barakoa za kisasa huweka presha ya ndani juu kidogo kuliko ya nje, ili penye upenyo hewa safi itoke badala ya moshi kuingia. Huo ni ulinzi mzuri, lakini una gharama iliyojificha: mwenye ndevu, au mwenye mikia ya nywele zilizosukwa iliyopita chini ya ukingo wa mpira, au anayevaa miwani ya kawaida yenye vipini, hahisi moshi wowote na huku mtungi wake unamwagika kwenye shavu. Mwambie asimame mahali penye utulivu na ashike pumzi kwa sekunde kumi. Ukisogeza sikio karibu na shavu lake utasikia hewa inavyotoka, kama mnong'ono. Jambo hili lisemwe kwa heshima na lisemwe wazi, kwani wapo wanaoona kuulizwa kuhusu ndevu ni kudharauliwa.

Hewa inapotiririka mfululizo ndani ya barakoa hata mtu akishusha pumzi, shuku vali ya kutolea pumzi. Kisahani chake chembamba cha mpira hushikwa na mabaki ya sabuni ya unga ambayo haikusuuzwa, kikabaki wazi kwa unene wa karatasi. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, suuza mara mbili, na ukaushe kivulini. Barakoa zilizoanikwa juani, hasa juu ya bati, hupinda ukingo, na ukingo uliopinda haurekebishiki.

Aliyevaa mtungi anaumwa kichwa ingawa barakoa imeziba vizuri

Dalili hii ipewe uzito wa dharura. Msimamishe mtu huyo kazi, mpeleke akapimwe na wahudumu wa afya, na utenge mitungi yote iliyojazwa siku moja na wake, kwa sababu yumkini kosa lilianzia kwenye kompresa. Kompresa hubana chochote inachokivuta. Umeme ukikatika, na sote tunajua unavyokatika, kituo huwasha jenereta, na kama jenereta imesogezwa dirishani pa chumba cha kompresa, au gari la zimamoto limeachwa likinguruma mlangoni, moshi wa injini huingia mtungini pamoja na hewa. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumua hakiruhusu kaboni monoksidi izidi sehemu 5 kwa milioni. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, kwa hiyo kunusa hakusaidii; ukinusa mafuta, hiyo ni habari ya kichujio kilichochoka, ambalo ni tatizo la pili juu ya lile la kwanza. Peleka mdomo wa kuvutia hewa juu ya paa, upande ambao upepo hautoki kwenye maegesho, badilisha vichujio kwa saa za kazi zilizoandikwa kitabuni, na upime hewa ya mtungi mmoja kila baada ya muda uliopangwa.

Kengele ya mtu asiyesogea hailii, au inalia kila wakati

Kifaa hiki kidogo hufungwa kwenye mkanda wa mtungi, na kazi yake ni kumwitia msaada mtu aliyeanguka. Kwa kiwango cha Marekani hutoa mlio wa onyo mtu asiposogea kwa sekunde kama 20, na zikifika 30 hupiga mlio kamili usiokoma mpaka uzimwe kwa mkono. Kikilia kila wakati, sababu huwa mtu amesimama tuli akishika mpira wa maji na hajatikisa kiuno. Hilo si hitilafu, na suluhisho lake ni kumzoeza kutikisika anaposikia mlio wa onyo. Hatari iliyopo ni kwamba wenzake huuzoea mlio huo. Kikosi kilichosikia kengele ishirini za bure hakigeuzi shingo kwa ile ya ishirini na moja. Kwa sababu hiyo ningependa kila mlio kamili uulizwe kwa redio, kwa jina, mpaka mwenyewe ajibu.

Kisipolia kabisa, uliza kwanza kama kilikuwa kimewashwa. Vifaa vya zamani huwashwa kwa kuchomoa ufunguo, na mtu mwenye haraka huingia nao ukiwa bado umechomekwa. Vipya hujiwasha vali ya mtungi inapofunguliwa. Baada ya hapo tazama betri, kisha maji yaliyoingia kwenye kifuniko chake. Kuna sababu nyingine iliyochukua muda kugunduliwa: majaribio yaliyofanywa Marekani yalionyesha kwamba joto kali hupunguza sauti ya kengele hizi, wakati mwingine ikafifia kabisa, na kiwango cha mwaka 2007 kikaongeza masharti ya kustahimili joto na kuzamishwa majini. Kama kituo chako kilipokea kwa msaada vifaa vilivyotengenezwa kabla ya hapo, kengele inayolia vizuri uani haikupi uhakika wa namna itakavyolia ndani ya chumba kinachowaka. Vifaa vya namna hiyo vibaki vya mafunzo.

Kamera ya joto inaonyesha picha isiyolingana na hali halisi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu miji yetu imeezekwa na kuzungushiwa kitu kinachoisumbua sana kamera hii, nacho ni bati jipya linalong'aa.

Kamera ya joto haioni joto la hewa. Inapokea mionzi inayotoka kwenye uso wa vitu, yenye urefu wa mawimbi wa takriban mikromita 8 hadi 14, na kwa mionzi hiyo inakadiria uso una joto gani. Uso mweusi, uliopakwa rangi au wenye kutu hutoa mionzi yake kwa ukamilifu. Uso wa metali unaong'aa hutoa kidogo sana na hurudisha mionzi ya vitu vilivyo mbele yake, kama kioo. Ukitaka kuliona jambo hili bila moto wowote, chukua sufuria mpya ya alumini iliyotumika jikoni la kuni mara chache, ambayo pembeni bado inang'aa na chini imeshika masizi. Ichemshie maji, iinamishe kidogo na uielekezee kamera. Masizi yatawaka kwa weupe wa moto, na ubavu unaong'aa, ambao una joto lilelile la kuunguza kidole, utaonekana umepoa kana kwamba sufuria imekatwa vipande viwili. Nimewaona maafisa wenye uzoefu wakiugusa ubavu huo kwa ncha ya kidole ili waamini, na kuuondoa mkono upesi.

Sasa lihamishe hilo kwenye safu ya vibanda vya mabati, iwe karibu na soko la Kibuye au katika vichochoro vya Kaptembwo. Ukuta wa bati jipya ambao nyuma yake kuna moto unaweza kuonekana wa kawaida, na ukuta usio na moto unaweza kuonekana unawaka kwa sababu unakurudishia mwali ulio upande wa pili, au mwili wako mwenyewe. Namna ya kutofautisha ni kusogea hatua mbili kushoto, kisha mbili kulia. Doa linalohama unapohama ni mwakisiko. Doa linalobaki mahali pake ni joto la kweli. Tafuta pia palipo na kutu, rangi au masizi kwenye bati lilelile, maana hapo ndipo kamera husema kweli. Glovu yako iliyolowa ni kipimo kingine: maji ukiyarushia bati yakafuka mvuke, usiiamini picha iliyokuambia pamepoa.

Dirisha la kioo nalo huizuia mionzi hii, hivyo kamera iliyoelekezwa dirishani huonyesha uso wa kioo na sura ya aliyeishika, wala haionyeshi chumba. Sakafu ndiyo mbaya zaidi. Zulia au tabaka la zege jembamba huficha joto lililo chini yake kwa dakika nyingi, na dari ya mbao hufanya vivyo hivyo juu ya kichwa. Kamera ikisema sakafu ni salama, imesema juu ya uso wa sakafu tu, na ugumu wa sakafu hupimwa kwa shoka au mguu uliotangulizwa polepole huku uzito ukibaki nyuma.

Picha ikiganda kwa muda mfupi kisha ikaendelea, pengine pamoja na mlio mdogo wa ndani, hiyo ni kamera inayojisawazisha, si ugonjwa. Ikifunikwa na weupe mtupu, futa lenzi kwanza, kwani mvuke hutua juu yake mara mtu anapoingia kutoka kwenye baridi. Na ikizimika ghafla baada ya dakika chache ingawa taa ilionyesha chaji imejaa, betri imechakaa. Ipe namba, andika inadumu dakika ngapi, uifuatilie mwezi hadi mwezi.

Redio haisikiki ndani ya jengo, au inasikika upande mmoja

Asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001, wakuu wa zimamoto waliokuwa ukumbini mwa mnara wa kaskazini wa World Trade Center mjini New York waliijaribu ripita, yaani chombo kinachopokea mawimbi ya redio na kuyarusha upya, iliyofungwa kwa ajili ya majengo yale, wakaona haifanyi kazi, wakaiacha. Uchunguzi rasmi uliofuata ulibaini kwamba ripita ilikuwa imewashwa, ila kitufe cha pili, cha kuwasha mkono wake wa kuzungumzia, hakikubonyezwa. Wazimamoto 343 walikufa siku hiyo, kwa sababu nyingi zilizofungamana, na sitazikusanya zote ndani ya kitufe kimoja. Ninachochukua hapo ni mpangilio wa uchunguzi: kabla ya kusema chombo kimekufa, pitia kila kitufe kwa kidole na kwa sauti, na ujaribu kwa redio ya pili kutoka mahali pengine.

Kwetu dalili ya kawaida zaidi ni redio kusikika vizuri uani na kupotea mtu anapoingia ghala la mawe au chumba cha chini. Zikiwa kwenye chaneli ya ripita, redio mbili zilizoachana mita ishirini hutegemea mnara ulioko kilimani. Ukuta ukikata njia ya kwenda mnarani, haziwezi kusemezana hata kama zinaonana. Hamieni chaneli ya moja kwa moja kwa mawasiliano ya walio ndani na aliye mlangoni, na aliye mlangoni awe na redio ya pili kwa ajili ya kituo. Uamuzi huo ufanywe kabla ya kuingia. Kinyume chake hutokea barabarani: anayeshuka kutoka Nandi kuelekea uwanda wa Kano, au anayepita nyuma ya Menengai, hufichwa na mlima, na hapo chaneli ya moja kwa moja haimfikishi popote, ila ripita humsaidia.

Sauti ikiwa ya mkwaruzo au ya kukatika, angalia kama antena ni ya masafa ya redio hiyo, kwani antena za aina mbili hufanana kwa macho na huingia kwenye tundu moja. Mlio mkali wa kujirudia hutokana na redio mbili zilizo karibu, moja ikizungumza na nyingine ikiwa na sauti juu. Yatosha kusogea au kushusha sauti. Maneno yasiyoeleweka kutoka kwa aliyevaa barakoa hutengenezeka akiweka kinasa sauti kwenye kisahani cha kusemea, badala ya mbele ya kioo. Kuhusu polisi, watu wa gari la wagonjwa na zimamoto kuwa katika masafa tofauti, hakuna bisibisi inayotatua hilo. Mweke mtu mmoja wa kila kikosi wasimame pamoja kwenye eneo la amri, kila mmoja na redio yake.

Kigunduzi cha gesi kinatoa usomaji wa kutia shaka

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu karibu mita 1,130. Oksijeni ni asilimia 20.9 ya hewa katika miji yote miwili, lakini msukumo wa hewa Nakuru ni mdogo zaidi. Baadhi ya vihisi vya oksijeni hupima msukumo huo, kisha huutafsiri kuwa asilimia. Kigunduzi cha aina hiyo kilichosawazishwa Kisumu kikipandishwa Nakuru husoma takriban asilimia 19 katika hewa safi, na kwa kuwa kengele nyingi hupangwa kwenye 19.5, hulia. Mtu hukasirika, akakisawazisha upya, yakaisha. Tatizo ni safari ya kushuka. Kilichosawazishwa Nakuru kikipelekwa Kisumu husoma zaidi ya asilimia 22 katika hewa safi, na katika shimo la maji taka lenye oksijeni asilimia 18 kitasoma karibu 19.7, na hakitalia. Kwa hiyo kila kigunduzi kinachovuka bonde kisawazishwe kwenye hewa safi ya mahali kinapotumika, mbali na moshi wa magari, kabla ya mtu kuingia shimoni. Usomaji wowote ulio juu ya 20.9 uchukuliwe kuwa kosa linalohitaji kurekebishwa, hata kama kengele haikulia.

Kihisi cha gesi zinazowaka nacho kina kimya chake. Kwa aina inayotumia waya wenye kichocheo, mvuke wa silikoni huua kichocheo hicho polepole, na kihisi kilichokufa husoma sifuri, usomaji uleule wa hewa safi. Silikoni hiyo hutoka wapi? Mara nyingi hutoka kwenye dawa ya kung'arishia dashibodi ya gari la zimamoto, na kigunduzi huhifadhiwa mlemle ndani. Kihamishe, na kila siku ya kazi kipulizie gesi ya majaribio yenye kiwango kinachojulikana uone kama kinaitikia. Kuwaka kwa skrini hakuthibitishi chochote.

Penye gesi ya kupikia, kumbuka ni nzito kuliko hewa, hivyo hukusanyika sakafuni na kwenye mitaro. Shusha kihisi hadi kifundo cha mguu. Huanza kuweza kuwaka ikifika takriban asilimia 2 ya hewa, wakati methani huhitaji asilimia 5, na kigunduzi kilichosawazishwa kwa methani huionyesha gesi ya kupikia kuwa kidogo kuliko ilivyo. Mvuke wa petroli hutambaa chini vivyo hivyo. Tarehe 31 Januari 2009 kule Sachang'wan, karibu na Molo, zaidi ya watu mia moja waliteketea petroli iliyomwagika kutoka kwa lori lililopinduka iliposhika moto, na malori ya mafuta yangali yanapita barabara hiyo kila siku kuelekea Busia na Malaba. Lori likipinduka, washa kigunduzi ukiwa bado mbali, upande upepo unakotoka na palipoinuka. Usingoje mpaka ulifikie.

Moto ukishazimwa, kigunduzi kikisoma kaboni monoksidi kidogo, watu huvua barakoa na kuanza kufukua majivu. Kigunduzi cha kawaida cha gesi nne hakipimi sianidi ya haidrojeni inayotoka kwenye magodoro na plastiki, wala chembechembe za masizi. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya uzimamoto katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Barakoa ibaki usoni wakati wa kufukua.

Alama ya gari kwenye ramani haisogei, au droni inakataa kuruka

Alama iliyoganda huwa ni mahali pa mwisho ambapo kifaa kilipata mtandao. Soma saa iliyoandikwa kando yake kabla ya kumtuma mtu wa kuokoa wengine huko, na uulize kwa redio. Droni inayokataa kuruka Kisumu huenda imezuiwa na programu yake yenyewe kwa sababu uwanja wa ndege uko karibu na mji. Vibali, kwa mujibu wa kanuni za 2020 za ndege zisizo na rubani, na makubaliano na waongoza ndege vitafutwe siku za utulivu.

Kifaa kikishashukiwa

Kitoe kwenye rafu wakati huohuo na ukifunge kitambulisho chekundu. Neno "mbovu" peke yake halimsaidii fundi, kwa sababu kifaa kikifika mezani kwake kikiwa kimepoa na kukauka kitafanya kazi vizuri na kurudishwa kama kilivyokuja. Kadi ya mwisho niliyoifurahia ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya risasi na kijana wa zamu ya usiku: "Kengele ilinyamaza dakika ya kumi na mbili, ndani, baada ya kumwagiwa maji kutoka juu. Nje ililia tena." Nilikijaza kifaa kile maji kwa sindano kupitia tundu la kipaza sauti, kikanyamaza mkononi mwangu.